Mwenye Uwanja

Kifungu cha nne cha imani yetu kinasema ubatizo ni wa maji mengi, kwa mtu aliyekwisha kuamini. Mwaka huu nimekichapa mara tatu. Mara ya kwanza nilikosea herufi. Mara ya pili Baba Mchungaji aliongeza kwa kalamu kwamba kunyunyiziwa maji utotoni si ubatizo. Mara ya tatu nilifika kwenye maneno hayo, nikafunga kompyuta, nikaenda kukaa uani.

Miaka yote tumesali chini ya usajili wa kanisa jingine, kama wapangaji. Sasa tunataka usajili wetu wenyewe, na Msajili wa Jumuiya hapokei ushuhuda. Anataka katiba, muhtasari wa kikao, majina ya waanzilishi na sahihi zao. Kazi ya kuchapa ikaniangukia mimi kwa sababu nimesoma chuo na kwa sababu silipwi.

Kanisa lilianza mwaka 1994, Kimara, uani kwa Bibi yangu, chini ya mwembe ambao nusu yake ilikatwa baadaye kupisha mabati. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye namna lilivyoanza. Kila maadhimisho Baba Mchungaji husimulia jinsi alivyofunga siku tatu bila kula wala kunywa, akasikia sauti ikimwambia atoke alikokuwa akasimamishe madhabahu mpya. Bibi alikuwa na habari nyingine. Alisema watu kumi waligombana na kanisa lao la zamani juu ya fedha za kanda ya kwaya, wakatoka, wakawa wanazunguka na mkutano wao kutoka kibaraza hadi kibaraza. Jioni moja mvua ya masika ikawakuta wakiimba chini ya upenu wa duka. Bibi alikuwa anatoa maandazi jikoni. Akawaita, "Ingieni huku, mtapata homa." Siku hizi naamini habari zote mbili, ingawa ya Bibi ndiyo ninayoweza kuinusa.

Aliwakaribisha, wala hakuwahi kujiunga nao. Alizaliwa Machame, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893, na alibatizwa mwaka 1938 akiwa na wiki sita. Cheti chake alikitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cha kipaimara. Baba Mchungaji alimfundisha masomo yote ya wanaookoka, na kwa maelezo yake mwenyewe Bibi aliyajua kuliko wengi. Yakabaki maji tu. Bibi akakataa.

"Nilishabatizwa, mwanangu," alimwambia. "Kama Mungu amesahau, mkumbushe wewe. Wewe ndiye mchungaji."

Basi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mkate na kikombe vilipopitishwa, Bibi alikaa mlangoni kwa jiko lake, hatua kumi hivi kutoka kwenye meza ya Bwana, akimenya ndizi za mtori. Ibada ikiisha, mtori ule ule waliunywa wote, Baba Mchungaji akitangulia. Hawakuwa na uadui. Naandika hivi kwa sababu najua mnavyowafikiria wachungaji wetu, na mara nyingi hamjakosea, ila huyu alimpeleka Bibi kliniki ya presha kwa pikipiki yake mwenyewe kwa miaka.

Vifungu vingine havikunisumbua. Biblia ni Neno la Mungu, Mungu mmoja katika nafsi tatu, wokovu kwa neema, kujazwa Roho na kunena kwa lugha, uponyaji, Yesu atarudi. Utotoni nilidhani orodha hii ilishuka Kimara. Nikiwa chuoni nilisoma tamko la imani ambalo Assemblies of God walilipitisha St. Louis, Marekani, mwezi Oktoba 1916, nikahisi kama mtu aliyekuta picha ya baba yake katika nyumba ya watu wasiomjua. Baba Mchungaji aliwahi kukaa mwaka mmoja kwenye chuo cha Biblia. Sikumuuliza.

Cha ubatizo kina umri mkubwa zaidi. Tarehe 21 Januari 1525, jijini Zurich, watu wachache walikutana ndani ya nyumba usiku na kubatizana upya, kwa kuwa waliona ule wa uchanga haukuwa na imani ya anayebatizwa. Baraza la jiji lilikataza. Felix Manz, mmoja wao, alifungwa mikono na kutoswa katika mto Limmat mwezi Januari 1527. Wakubwa wa jiji nao walikuwa wanamatengenezo, watu wa Biblia ile ile. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria Baba Mchungaji, ambaye angekubali kuzama, nikamfikiria na Bibi, ambaye asingemzamisha mtu lakini asingesogea.

Mimi nilibatizwa mwaka 2009, Kunduchi, nikiwa na miaka kumi na minne, umri ambao wenzangu wa Kilutheri walikuwa wanapata kipaimara. Tulikuwa saba, tumevaa mashuka meupe, bahari imechafuka. Baba Mchungaji aliniziba pua, akanilaza, maji yakanifunika, na nilipoibuka nilikuwa nalia bila kujua sababu. Bado sijui. Ninachojua ni kwamba sikuwa naigiza. Nilitoka majini natetemeka, na aliyenipokea ufukweni, ameshika khanga kavu kwa mikono miwili, alikuwa Bibi. Alipanda daladala mbili na chupa ya chai. Alinifunga khanga, akanikausha masikio kama mtoto mdogo, akasema, "Haya, kunywa chai. Mungu ameshakuona."

Alifariki mwaka 2019. Walutheri walimzika Machame, mgombani, kwa utaratibu wao wote. Baba Mchungaji alisafiri na basi usiku kucha, akakaa nyuma kabisa, na hakuna aliyempa kipaza sauti.

Sasa hii orodha. Kwenye kaunta buku la 1994 yapo majina kumi na moja. La kwanza ni la Bibi, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, na pembeni mtu ameandika "mwenye uwanja." Katiba inasema mwanachama ni aliyebatizwa kwa maji mengi. Nilimpelekea Baba Mchungaji buku na rasimu.

"Mwanangu, Mama alikuwa mwenyeji wetu," alisema taratibu. "Mwanzilishi asiye mwanachama, Msajili atatuuliza huyu ni nani."

"Tutamjibu, Baba."

Hakucheka. Nilikuwa nimeandika kwamba kikao cha kwanza kilifanyika uani kwa Bibi, nikataja majina yake matatu, nikaongeza: Mlutheri. Alivaa miwani, akasoma sehemu hiyo, akairudia. Nje mashemasi walikuwa wanapanga viti vya plastiki.

"Alibatizwa mwaka gani vile?" aliuliza.

"Elfu moja mia tisa thelathini na nane."

Akachukua penseli, si kalamu, akaandika mwaka huo pembeni mwa jina lake, kwa herufi ndogo sana. Kisha akanirudishia karatasi na kuniuliza kama steshenari bado wako wazi.