Swali la Nyama

Kwa miaka mingi nilinunua chakula cha mbwa kwa swali moja tu: humu kuna nyama kiasi gani? Muuzaji akinionyesha paja la kuku lililochorwa mbele ya mfuko, nilitoa hela nikaondoka. Siku hizi swali hilo siliulizi, na kila ninayemkuta dukani ameshika kiroba namwomba kwanza akigeuze asome nyuma.

Nafuga mbwa wa ulinzi na kuku wa mayai hapa Morogoro. Mbwa wa kwetu hulelewa kwa ugali wa dona na dagaa, na vichwa vya kuku vikipatikana. Chakula cha viwandani nilianza kukitafuta pale jike langu, Malkia, alipozaa watoto wengi akakonda mpaka mbavu zikahesabika, huku wanawe hawamwachii nafasi ya kupumua. Dukani nikakuta mifuko ya Afrika Kusini na ya Ulaya, bei zikipishana mara tatu kwa uzito uleule, na yote ikijisifu.

Aliyenigeuza ni daktari wa mifugo mstaafu, mama wa mtaa wa pili, aliyekuja kuwachanja wale watoto. Baada ya shikamoo na marahaba akautazama mfuko niliokuwa nimeuegemeza ukutani.

"Baba Neema, kuku wako unawalisha kwa kutazama picha?"

"Hapana, daktari. Nawachanganyia mwenyewe. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa."

"Na unajua kila kimoja kinaleta nini?"

"Najua."

"Sasa mbwa amekukosea nini?"

Tukakaa kibarazani, mfuko upande mmoja na kopo moja upande wa pili. Alianza na maji. Kopo liliandikwa protini asilimia 8, mfuko wa punje kavu asilimia 24. Mtu yeyote angesema mfuko umeshinda mara tatu. Lakini kopo lile lilikuwa na unyevu wa asilimia 78. Ukiyatoa maji, katika gramu 100 zinabaki gramu 22 za chakula chenyewe, na kati ya hizo protini ni gramu 8, yaani asilimia 36. Mfuko ulikuwa na unyevu wa asilimia 10. Zinabaki gramu 90, protini 24, kama asilimia 27 hivi. Kopo ndilo lililoshinda. Hesabu hiyo naifanya sasa kwa simu nikiwa nimesimama mbele ya rafu.

Akaja kwenye orodha ya viungo. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia, ila uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Kuku mbichi, karibu sehemu saba katika kumi ni maji. Anaweza kuongoza orodha, na akishakaushwa kiwandani akabaki kidogo kuliko mahindi yanayomfuata. Mahindi nayo hugawanywa: mahindi, pumba za mahindi, gluteni ya mahindi, kila moja na nafasi yake, ili yasionekane kuwa ndiyo mengi. Hakuna uongo ulioandikwa pale. Ila sehemu kubwa ya ile nyama niliyokuwa nailipia ilikuwa maji.

Hata namba ya protini ina yake. Maabara haihesabu nyama. Inapima naitrojeni, inazidisha kwa 6.25, na jibu ndilo linaloandikwa "protini ghafi". Kwa hiyo chochote chenye naitrojeni nyingi kinaipandisha namba. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondoa madukani, Amerika Kaskazini, yapata makopo na pakiti milioni 60 baada ya paka na mbwa kufa kwa ugonjwa wa figo. Gluteni ya ngano kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, ileile inayotengenezewa sahani ambazo wengi wetu tunazitumia nyumbani. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Kwa kipimo kile, kilo moja yake husomeka kama zaidi ya kilo nne za protini. Mwilini, ikikutana na asidi ya sayanuriki, hufanya fuwele zinazoziba figo. Mwaka uliofuata hila hiyohiyo ilikutwa China kwenye maziwa ya watoto wachanga, na watoto walikufa. Daktari aliponieleza hayo nilikuwa nimempakata mmoja wa watoto wa Malkia, na tangu siku hiyo namba kubwa ya protini hainitoi hela mfukoni peke yake.

Kilichonimaliza kabisa, hata hivyo, kilikuwa kwenye mtaa wetu wenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda alinunua mtoto wa German Shepherd, akampenda mno, akawa anamnunulia steki kila siku. Nyama tupu, bila mfupa. Alipofikisha kama miezi minne miguu ya mbele ilipinda, na ukimgusa mgongoni analia. Watu wakasema amelogwa, wengine wakasema ameuziwa mbwa mbovu. Daktari alimpapasa taratibu, akauliza anakula nini, akatikisa kichwa. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula huichukua kwenye mifupa, na mifupa ya mtoto anayekua haina cha akiba. Alimbadilishia chakula, akamzuia kukimbia, na yule mbwa akasimama tena, ingawa mguu mmoja umebaki na upinde.

Nyama kiasi gani? Yule alikuwa amepewa nyama yote duniani.

Swali ninalouliza sasa ni hili: chakula hiki kimekamilika kwa mbwa wa umri gani? Mifuko mingi ina sentensi moja ndogo nyuma inayojibu hilo, na ndiyo ninayoitafuta kabla ya bei. Kuna cha watoto, kuna cha wakubwa, kuna cha umri wote, na kuna kinachoitwa cha nyongeza, ambacho hakikusudiwa kuwa mlo peke yake hata kiwe ghali vipi. Marekani viwango huwekwa na AAFCO, umoja wa maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo: kwenye chakula kisicho na maji, protini isipungue asilimia 18 kwa mbwa mkubwa na 22.5 kwa anayekua au jike anayenyonyesha. Malkia alikuwa kwenye kundi la pili, na mfuko wangu ulikuwa wa kundi la kwanza; protini ilitosha, ila sentensi yenyewe ilisema wazi kuwa ni cha mbwa wakubwa. Kwa watoto wa mbwa wa umbo kubwa kalsiamu nayo ina kikomo cha juu, asilimia 1.8, kwa sababu wakiwa wadogo hawawezi kuikataa iliyozidi. Ndiyo maana kuwanyunyizia chokaa ya kuku kwa kukisia ni hatari. Na mfuko ukidai kuwa "umethibitishwa na AAFCO", shtuka: umoja huo haupimi wala hauthibitishi chakula cha mtu yeyote.

Kuna wanaokataa nafaka zote. Mimi siko nao. Mwaka 2013 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, amebeba nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga. Ameishi na sisi muda mrefu akila makombo yetu. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza taarifa za ugonjwa wa moyo kwa mbwa waliokula vyakula visivyo na nafaka, vilivyojazwa njegere na dengu badala yake. Ugali haujawahi kuwa adui wa mbwa. Na asiye na uwezo wa kiroba, dagaa wazima na mifupa yao ndani ya ugali wana kalsiamu ambayo ile steki haikuwa nayo, ingawa mtoto anayekua anahitaji pia jicho la daktari.

Mahindi ninayoyaogopa ni yaliyoota ukungu. Sumukuvu tunaifahamu Tanzania. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kupika kwa kawaida hakuiondoi. Marekani, mwishoni mwa 2020, chakula cha mbwa chenye mahindi kiliondolewa sokoni kwa sababu yake, na mbwa zaidi ya mia moja waliripotiwa kufa. Kwa hiyo sinunui tena chakula cha kupimiwa kilo kutoka mfuko ulio wazi mlangoni, jua linaupiga asubuhi na unyevu unaingia usiku. Punje za namna hiyo ukizisugua viganjani zinaacha harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyolala, maana mafuta yake yameshachacha. Afadhali mfuko mdogo wa bei ya kati, uliofungwa na wenye tarehe, kuliko chapa kubwa ya kuchotwa kwa kopo.

Nikishanunua, anayenipa jibu ni mbwa mwenyewe. Kinyesi kinachookoteka, manyoya yanayong'aa, mbavu ambazo sizioni lakini nikipitisha vidole nazihisi. Malkia alipohamia chakula cha wanaonyonyesha, alirudi mwilini kabla wanawe hawajaachishwa, na alikula bakuli dogo kuliko la awali, kwa sababu kile kilikuwa na nguvu zaidi kwa kila kilo. Bei ya mfuko haikuniambia hilo. Niliyoilinganisha ni bei ya mlo wa siku.

Kamati ya lishe ya chama cha madaktari wa wanyama wadogo duniani, WSAVA, huwashauri wafugaji wawaulize watengenezaji wenyewe: nani anapanga mchanganyiko, ana elimu gani, kinatengenezwa kiwanda gani, kinapimwaje kabla ya kutoka. Daktari alinisaidia kuandika barua pepe kwa kampuni za mifuko inayouzwa hapa kwetu, nikaongeza swali la sumukuvu. Wapo walionijibu kwa kirefu, mpaka jina la chuo alikosoma mtaalamu wao. Mmoja alinitumia picha za nyama. Chake nimeacha kukinunua, na muuzaji aliponiuliza sababu nilimwonyesha barua yangu na jibu lake kwenye simu, akasoma yote mawili.