Kupakia Bure, Kupakua kwa Dola

Jumatano, 3 Januari 2024

Ami kanipigia hata sijakunja mswala. "Mwanangu, kuna mtu ananila pesa kwenye kadi?" Benki imemtumia ujumbe: shilingi 103,061 zimekatwa. Nikamwambia aizuie kadi haraka, ni wezi. Nilipofungua kompyuta ikabidi nimpigie tena, sauti chini. Si wezi. Ni bili ya Desemba ya ile seva ninayomwendeshea, tunakohifadhi filamu za harusi za studio yake. Dola 636 na senti 18, na benki imehesabu dola kwa 162. Miezi yote haijawahi kufika dola 100.

Kanyamaza. Ami akifoka nafuu.

Alhamisi, 4 Januari

Leo nimeisoma bili mstari kwa mstari, kazi iliyonipasa kuifanya miaka miwili iliyopita. Mashine yenyewe, ambayo nilimwambia Ami ndiyo gharama, ni dola 30.95 tu. Dola 468 ni data iliyotoka.

Kupakia faili hawatozi kitu. Kupakua ndiko kwenye mita: gigabaiti 100 za mwanzo bure, kisha senti 9 kwa kila gigabaiti. Senti 9, nani angeziogopa? Lakini kuna harusi ya tarehe 9 Desemba, filamu ya gigabaiti 4, na kiungo ambacho shangazi yake bibi harusi alikirusha kwenye grupu la ukoo. Ukoo wenyewe uko Mombasa, Maskati, London na Toronto. Kwenye kumbukumbu za seva nimeiona simu moja ikiianza filamu hiyo hiyo mara tisa usiku mmoja. Mtandao unakatika, anaanza upya, na kila kilichokwisha kutoka kimehesabiwa, kimfikie kisimfikie. Huenda mpaka leo maskini hajaona hata keki ikikatwa. Hivyo ndivyo gigabaiti 5,300 zilivyotoka.

Jumamosi, 6 Januari

Nimempelekea Ami bili kwenye karatasi. Kabla hajashika kamera alikuwa karani wa klering Kilindini, miaka na miaka. Kavaa miwani, kachukua kalamu nyekundu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza wingu ni kitu gani, wala hakutaka. Swali lake la kwanza: "Bure ni kiasi gani, na ikiisha wanahesabu kwa saa au kwa siku?"

Kisha kidole kikasimama kwenye 33.48. Hapo nimeona haya. Hilo ni geti la mtandao, la kuziwezesha seva zilizofichwa ndani zifike kwenye intaneti bila mtu wa nje kuzifikia. Niliiga somo fulani nikaliweka. Seva ya ndani hatuna hata moja, na geti linalipiwa kila saa, lipitishe kitu lisipitishe.

"Kwa hiyo tumemwajiri bawabu wa kiwanja kitupu," kasema, "na mshahara wake unaishinda kodi ya nyumba."

Na dola 16? Diski za gigabaiti 200, za mashine niliyoizima Ramadhani iliyopita. Mashine ikizimwa saa zake hazihesabiwi tena, lakini diski zinabaki, na kila gigabaiti ina bei yake kwa mwezi. Ami hakuuliza zaidi. Pembeni kaandika: meli imeondoka, kontena limelala. VAT ya asilimia 16, dola 87.75, kaipita bila neno, hiyo wanajuana.

Alipofika mwisho kavua miwani. "Mimi nilidhani umenikodia chumba. Kumbe umenikodia bandari."

Jumatatu, 15 Januari

Nimefuta geti, nimefuta diski. Nimeweka kengele ya bajeti kwenye dola 60. Kengele hiyo hutuma barua pepe, basi, haikati kitu. Hata barua yenyewe huja imechelewa, kwa sababu matumizi hayahesabiwi papo hapo. Naelewa kwamba duka kubwa halitaki kufungiwa siku ya wateja wengi. Lakini mtu mwenye studio moja na kadi moja angeomba azimiwe usiku ule ule, naye asubuhi angeshukuru.

Alhamisi, 1 Februari

Geti limekwenda, anwani yake ya intaneti, ya IPv4, imebaki kwenye jina letu. Kufuta geti hakuachii anwani. Lazima uiachie kwa mkono. Mpaka jana walikuwa wakitoza anwani isiyotumika tu. Kuanzia leo hata inayotumika, nusu senti kwa saa, yaani kama dola 3 na nusu kwa mwezi huu. Anwani hizo ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilikwisha kugawiwa 2011, kwa hiyo bei ina sababu. Nimeiachia ya geti. Ya mashine tutailipia, hakuna jinsi.

Jumatano, 6 Machi

Filamu zote zimehamia kwenye seva iliyoko Ujerumani, ambako terabaiti 20 za trafiki kwa mwezi zimo ndani ya bei. Kuhama nako ni kupakua: gigabaiti 900, dola 72 kabla ya VAT. Afadhali shilingi imepata nguvu tangu Februari, benki imenikata kwa 147. Safari hii kadi ni yangu.

Leo nasoma kwamba kampuni ile ile tuliyoihama imetangaza kutomtoza mteja anayeondoa data zake ili ahame, mradi aombe kwanza. Google walitangulia Januari. Nimemsomea Ami tangazo hilo, kacheka mpaka kakohoa.

Halafu kaniomba flashi. Yule shangazi ana mgeni anayerudi Maskati Ijumaa, naye amekubali kuibeba filamu mfukoni.