Chupa Isiyosomwa Usiku wa Krismasi

Hakuna sikukuu yenye harufu zake yenyewe kama Krismasi. Mtu aliyelelewa katika nchi ya milima ya Kenya, hata akifumba macho, ataitambua siku hiyo kwa pua: matawi mabichi ya mwerezi yaliyofungwa mlangoni pa kanisa, moshi wa nyama, chai ya tangawizi, na wali uliotiwa karafuu za Unguja na Pemba. Wala manukato si jambo geni katika sikukuu hiyo. Mamajusi walipokwenda kumsujudia Mtoto Yesu walichukua dhahabu, uvumba na manemane. Na katika zawadi hizo tatu, mbili ni utomvu wa miti. Miti ya jamaa hiyo yamea hata Kenya, katika nchi kavu ya Wajir, Mandera na Marsabit, ambako wafugaji huukusanya utomvu wake na kuuuza. Na huko Pwani ubani hutiwa juu ya makaa katika chetezo, nyumba nzima ikanukia.

Walakini kitu kinukiacho sana huwa na nguvu, na chenye nguvu chataka kujulikana kabla ya kutumiwa. Nyumba moja karibu na Limuru ilijifunza jambo hilo kwa machozi, miaka mingi iliyopita.

Katika nyumba hiyo alikaa mama mmoja mjane, pamoja na mke wa mwanawe na mjukuu wake wa kiume mwenye umri wa miaka mitatu. Mjukuu huyo alipewa jina la marehemu babu yake, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Kwa hiyo bibi yake alimwita “mume wangu”, na alimtengea kiazi kilicho bora katika kila chungu. Baba wa mtoto alikuwa karani Nairobi. Alikuwa amesoma katika shule ya misheni hata madarasa ya juu, naye alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na siku za sikukuu.

Limuru ni nchi ya baridi na ukungu, na yule mama alisumbuliwa na kifua mara kwa mara. Dawa yake ilikuwa majani ya mkaratusi. Alikwenda mwenyewe kuyakata, akayachemsha katika sufuria, akajifunika blanketi na kuuvuta mvuke wake. Watoto wakikohoa aliwapa kijiko kimoja cha maji ya majani hayo, yaliyopoa na kutiwa sukari. Alifanya hivyo kwa miaka mingi, na hakuna mtoto aliyepata kudhurika mikononi mwake.

Mwaka huo, tarehe 24 Desemba, karani alishuka katika basi akiwa amebeba mchele, sukari, peremende, kitambaa cha mama yake, na chupa ndogo ya rangi ya kahawia kutoka duka la dawa. Ilikuwa mafuta ya mkaratusi. Alikuwa ameona vibaya kwamba mama yake mzee apande kilima kukata majani, naye alifurahi kupata njia ya kumpumzisha.

“Mama,” alisema, “hii ni mikaratusi yote ndani ya chupa. Huna haja tena ya kwenda kilimani.”

Mama akaifungua, akanusa, akacheka kwa furaha. “Asante sana, mwanangu. Nayo hutumiwaje?”

“Kama ulivyozoea, Mama,” akajibu. Wageni walikuwa wamekwisha fika uani kumwamkia, naye akatoka kwenda kuwapokea. Maandishi yaliyokuwa juu ya chupa yalikuwa ya Kiingereza, tena madogo. Mama hakujua kuyasoma, na yule aliyejua hakuyasoma.

Usiku huo mtoto alikohoa. Watu wazima walikuwa bado wakizungumza karibu na moto. Bibi hakutaka kuwasumbua. Akachukua kijiko cha chai, akakijaza mafuta, akayatia katika chai yenye sukari, akamnywesha mume wake mdogo kama alivyozoea. Mtoto akalia kwamba mdomo wamwaka moto, akatapika kidogo, kisha akalala. Bibi akamshukuru Mungu, kwa kuwa kikohozi kimetulia.

Mama wa mtoto ndiye aliyestuka. Alikwenda kumfunika, akamwona amelegea kama nguo iliyoloweshwa, na pumzi zake zikinuka mkaratusi. Akamwita asiitike. Akamfinya asilie. Ndipo karani alipoichukua ile chupa, akaisogeza karibu na taa, akasoma kwa mara ya kwanza maneno ambayo angaliweza kuyasoma dukani: kwamba mafuta hayo si ya kunywa, na kwamba yawekwe mbali na watoto.

Jirani mmoja alikuwa na lori la kuchukulia majani ya chai. Likawashwa, wakaenda hospitali gizani, mtoto amelazwa kwa ubavu mapajani mwa mama yake. Huko waliulizwa maswali matatu tu: amekunywa nini, kiasi gani, na tangu saa ngapi. Kwa bahati njema karani alikuwa ameitia chupa mfukoni, na mganga akaisoma mwenyewe. Usiku kucha nesi alikaa akizitazama pumzi za mtoto.

Bibi alikaa nje, juu ya benchi, hataki chai wala blanketi. Kengele za kanisa zilipoanza kulia asubuhi, alisema neno moja tu: “Nimekwisha mzika mume wangu mara moja. Sitaweza kumzika tena.”

Mwanawe akapiga magoti mbele yake. “Mama, kosa si lako,” akasema. “Wewe uliuliza. Mimi ndimi niliyejua kusoma, nami sikusoma.”

Yafaa kueleza hapa jinsi kijiko kile kilivyokuwa na hatari, maana wengi hudhani kwamba kitu kitokacho katika mti hakiwezi kudhuru. Mafuta hayo hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji katika majani mengi sana. Mvuke huchukua mafuta, kisha hupozwa, na mafuta huelea juu ya maji yakatengwa. Kilo 100 za majani mabichi ya mkaratusi hutoa kilo moja au mbili hivi za mafuta. Basi kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, chaweza kuwa na mafuta ya robo kilo ya majani, hata karibu nusu kilo. Hakuna bibi ambaye angalimlisha mtoto majani kiasi hicho. Tena maji yaliyochemshiwa majani huwa na mafuta kidogo tu, kwa sababu mafuta hayachanganyiki na maji na mengi hupotea pamoja na mvuke. Mililita chache tu za mafuta yenyewe zaweza kumlaza mtoto mdogo usingizi usio wa kawaida, kumtia degedege, au kuzuia pumzi zake, na pengine hayo hutokea kabla ya nusu saa kupita.

Wala isisemwe kwamba bibi yule alikuwa mjinga. Mkaratusi wenyewe si mti wa kale katika Kenya. Asili yake ni Australia, nao ulianza kupandwa Kenya kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, ili kupata kuni za magari ya moshi ya reli ya Uganda. Wazazi wa zamani hawakuujua. Wanawake wa milimani waliupokea mti mgeni, wakaujaribu kwa uangalifu, wakapata kipimo chake cha jani na maji. Kipimo hicho kilikuwa elimu. Chupa ilipoingia nyumbani, dawa ilibadilika lakini kipimo kilibaki kile kile, na hakuna aliyemwambia mama yule.

Mkaratusi hauko peke yake. Mafuta ya karafuu hutolewa Pemba, ambako Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, huyapata kwa vikonyo vya karafuu. Tone moja juu ya pamba, likiwekwa penye jino bovu, hutuliza maumivu kwa ajili ya eujenoli iliyomo; lakini mtoto akinywa mafuta hayo aweza kuzimia na kuharibika ini. Mafuta yanukiayo ya kuchulia misuli, yale yenye methili salisileti, nayo ni vivyo hivyo: yakiwa safi bila kuchanganywa, kijiko kimoja cha chai ni sawa na vidonge 20 vya aspirini au zaidi. Kafuri huleta degedege upesi.

Basi wenye nyumba wafanyeje? Mafuta ya kunukia yasinywewe, wala yasipakwe puani au usoni pa mtoto mchanga. Chupa ziwekwe juu, penye kufuli ikiwezekana, hasa siku za sikukuu, ambapo wageni ni wengi na watoto hutazamwa na kila mtu, yaani hawatazamwi na mtu. Mtoto akikosea akanywa, asilazimishwe kutapika, maana mafuta yaweza kuingia mapafuni. Asinyweshwe maziwa wala mafuta mengine. Alazwe kwa ubavu, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yake. Na sufuria ya maji ya moto isiwekwe karibu na mtoto kwa ajili ya mvuke, kwa kuwa wengi wameungua hivyo. Kwa kikohozi cha kawaida yatosha kumpa vinywaji vya uvuguvugu, na asali kidogo ikiwa amepita mwaka mmoja. Wa chini ya hapo asipewe asali kabisa. Lakini mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja hata mitano akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika hali ametulia, au kifua chake kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, hiyo yaweza kuwa nimonia, naye ahitaji mganga, si manukato. Kwa mtoto wa miezi miwili hata kumi na miwili, hesabu hiyo ni mara 50.

Mtoto wa Limuru aliamka karibu na adhuhuri ya Krismasi. Alitazama huku na huku, akauliza peremende zake ziko wapi. Bibi yake alipoitwa ndani hakusema kitu. Alimshika mguu tu, akaukalia mkono wake hapo mpaka jioni. Wali wa sikukuu uliliwa siku ya tatu, na watu wa nyumba hiyo husema kwamba hawajapata kula wali mtamu kama ule.

Tangu siku hiyo karani aliifanya desturi yake. Kila alipofika nyumbani, kabla ya kukaribisha wageni, aliketi na mama yake akavifungua vitu alivyoleta kimoja kimoja, dawa ya ng’ombe, ya mimea au ya watu, akamsomea maandishi yote kwa lugha yake, naye mama akayarudia mpaka akayashika. Baadhi ya majirani wakaanza kuja na chupa zao pia. Ile ya mafuta ya mkaratusi haikutupwa. Mama aliiweka juu kabisa ya kabati, akaifunga uzi mwekundu shingoni. Na Krismasi iliyofuata, asubuhi na mapema, alionekana akipanda kilima na panga lake, kwenda kukata majani.