Ozzy au Dio? Mnamsahau mwenye gitaa

Huku hosteli mabishano ya Black Sabbath yamefika pabaya, washikaji wangu wawili hawasalimiani. Mmoja anasema bila Ozzy hakuna Sabbath. Mwenzake anashikilia kwamba Ozzy alipotimuliwa mwaka 1979, akaja Dio na albamu ya Heaven and Hell mwaka 1980, ndipo bendi ilipopata mwimbaji wa kweli.

Kwa sauti nampa Dio, sibishi. Lakini jamani, mbona hamumtaji Tony Iommi? Kijana wa Birmingham, miaka 17, mashine ya kiwandani ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na huyu anapiga kwa kushoto, kwa hiyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi! Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaweka nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza, mlio ukashuka, ukawa mzito. Ule uzito ndio hevi metali yenyewe (mimi hunitetemesha kifua), na upo enzi za Ozzy, upo enzi za Dio.

Haya, semeni nyie. Ila anayemruka Iommi simjibu.