"Halina Kitu Hilo": Siku Msanii Wetu Alipotaka Kushuti na Gobore

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, ila msanii yumo, kwa hiyo tulieni. Jina lake naliweka kapuni, watu wa Masasi mtajijazia wenyewe.

Agosti 2022 jamaa alirudi nyumbani kushuti video. Alitaka muonekano wa kiporini, yale mawe makubwa ya Masasi yawe nyuma yake. Mjomba wake alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori, basi likaletwa limefungwa kwenye khanga. Jamaa akalishika, akamlenga kameramani kifuani. Watu kicheko.

"Halina kitu hilo," akasema mdogo wake.

Nikamwambia ashushe kwanza. Wakaniita mshamba.

Sawa, sasa mjue ushamba wangu niliutoa wapi. Nilimaliza fomu foo 2017, matokeo yakatoka ya kutia huruma, mama akanipeleka Newala kwa babu mzaa mama, njia ya Kitangari. Kazi yangu kulinda mihogo usiku. Babu alikuwa na gobore lenye kibali, na mimi kichwani nilishakuwa komando. Wiki nzima hakunigusisha baruti!

Kwa nyie wa mjini: gobore halina risasi za kwenye boksi. Risasi unaitengeneza mwenyewe humo humo ndani ya mtutu. Baruti inatangulia kwa mdomo wa mbele, zinafuata goroli, unashindilia kwa kijiti. Fataki inawekwa mwisho kabisa, ukiwa tayari kupiga. Ukikosea hapo katikati, hakuna kiwanda cha kulaumu.

Babu alikuwa mkali kwenye vitu vidogo. Baruti ikae kwenye kopo lililofungwa, mbali na jiko na sigara. Upime kwa kikombe chake, usimimine kutoka kwenye kopo, maana ndani ya mtutu panaweza kubaki cheche ya mlio uliopita, na kopo liko mkononi mwako. Goroli zifike mpaka kwenye baruti, ukiacha uwazi katikati mtutu unaweza kupasuka. Na usije ukapasua risasi za kisasa ukachukua baruti yake. Ile nguvu yake ni nyingine, gobore haliiwezi. Kijiji cha jirani kulikuwa na mzee mwenye vidole viwili tu mkono wa kushoto. Alijaribu.

Fataki ikilia halafu bunduki ikakaa kimya? Usichungulie. Iache imeelekea porini, usubiri.

Ila kitu kilichonikaa ni kile kijiti. Babu alikichora alama mbili kwa wembe. Kikizama hadi alama ya juu, mtutu mtupu. Kikiishia alama ya chini, tayari kuna mzigo. Nilikiona ni kitu cha kizee.

Usiku mmoja nimeshashindilia, nikasikia kelele upande wa pili wa shamba, nikaliegesha, nikakimbia na tochi. Niliporudi nikashindilia tena. Nimesahau kabisa, wallahi. Babu akaja, akatumbukiza kijiti. Kikagoma vidole vitatu kabla hata ya kufika alama ya chini.

"Ulikuwa na uhakika halina kitu?"

"Ndiyo babu, uhakika kabisa."

"Ungelifyatua hili, mjukuu wangu, kesho tungekusomea hitima."

Hakunichapa. Alilitoa lile shehena mwenyewe, mimi akanituma kulala. Sikulala.

Turudi Masasi. Nikalichukua lile gobore, nikalielekeza kwenye kichaka, nikahakikisha halina fataki. Kijiti chake hakikuwa na alama, basi nikakilaza kwa nje ya mtutu kupima urefu, nikaweka kidole. Halafu nikakitumbukiza ndani, nimesimama pembeni. Kikaishia njiani, kimebaki kama kiganja kizima.

Hakuna aliyecheka. Kameramani alikaa chini kwenye jiwe, kamera shingoni, anajishika kifua.

Mjomba alikuja na bodaboda, jasho linamtoka. Alilishindilia mwezi wa sita, nguruwe hawakutokea, akaliweka juu ya dari akasahau. Na kumbe hata kibali hana, wakati Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani na hilo. Bahati yake Septemba na Oktoba mwaka huo serikali ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Akalipeleka.

Video ilitoka, mliiona. Lile gobore mlilolisifia kwenye komenti ni la mninga, lilichongwa na fundi wa vinyago kwa siku mbili, na mtutu umepakwa rangi ya geti. Msanii hajawahi kunishukuru, na simdai.

Kameramani ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Akinipigia simu hadi leo anaanza na shikamoo.