Siku ya Kusoma Ilipoacha Kuwa Mtihani

Kwa miaka mingi shule zetu za msingi zilijua njia moja tu ya kusherehekea kusoma, nayo ni kushindanisha watoto. Siku ya kufunga shule, baada ya kwaya, ngonjera na risala, mwalimu wa Kiswahili aliwaita wasomaji hodari. Walisimama mmoja mmoja mbele ya mgeni rasmi, wakasoma aya kwa sauti ya paredi. Aliyemaliza upesi bila kukwama alipewa madaftari na penseli. Sisi wengine tulipiga makofi, tukaenda zetu.

Mimi ni mtoto wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nilianza darasa la kwanza wilayani Muheza mwaka 1977, nchi nzima ilipokuwa ikitekeleza lengo la Azimio la Musoma la 1974 kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Watoto tulijaa hadi mlangoni. Walimu wengi walikuwa vijana waliofunzwa kwa haraka huku wakifundisha, na nawaheshimu mpaka leo, maana walitubeba kwa mikono mitupu. Kitabu kimoja cha Tujifunze Lugha Yetu tulikizunguka wanne, pengine watano. Aliyekaa ng'ambo ya kitabu alijifunza kusoma herufi zikiwa zimepinduka, na wapo waliozizoea hivyo kiasi kwamba ukiwageuzia kitabu upande wa sawa walibabaika.

Mwalimu alisoma, sisi tukaitikia. Ikifika katikati ya mwaka tulikuwa tumekariri kitabu kizima, wengine wakiweza kukisoma kikiwa kimefungwa. Ndiyo maana mashindano yalikuwa ya kasi. Hapakuwa na jambo jipya la kusoma, kwa hiyo kilichobaki kupimwa ni kumbukumbu na ujasiri wa kusimama mbele ya watu.

Hadithi tulikuwa nazo tele, lakini si shuleni. Jioni bibi alisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!" kabla hajamaliza neno. Wenye redio walitukaribisha kusikiliza Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya Deborah Mwenda ilitunyamazisha kuliko fimbo ya mwalimu wa zamu. Hakuna aliyetueleza kwamba ile raha ya usiku na yale maandishi ya mchana ni ndugu. Naamini hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi tuliyopata katika elimu yetu, kuliko hata uhaba wa madawati.

Mabadiliko yalianzia kwenye vitabu vyenyewe. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Wakati huo mchapishaji aliogopa kutoa kitabu cha hadithi cha mtoto, kwani nani angekinunua? Mradi ulimwondolea hofu kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka mashuleni, naye akabaki na nakala za kuuza. Kwa njia hiyo waandishi kama Elieshi Lema, aliyeandika Safari ya Prospa, waliwafikia watoto ambao wazazi wao wasingeweza kununua kitabu. Vilikuwa vitabu vyembamba, vyenye picha na maneno machache kila ukurasa. Watoto wa kwenye picha walifanana na wetu, wakibeba ndoo na kuchunga mbuzi kama wao.

Nilikuwa mwalimu kijana vilipofika kwetu, na mara moja vilifungiwa. Vilikaa kwenye kabati la chuma katika ofisi ya mwalimu mkuu, vikiwa na mihuri na namba, kwa hofu kwamba mkaguzi akikuta kimoja kimepotea mtu atalipa. Hofu ile ilikuwa ya kweli, sidhani kama ni haki kuicheka. Lakini kitabu kisichoguswa huliwa na mchwa, na vyetu vililiwa.

Hema la kusomea ndilo lililovunja kufuli. Nasema hema, ingawa kwetu lilikuwa turubai lililofungwa kwenye mwembe, chini yake majamvi, na vitabu vimetandazwa kama nyanya za gulioni. Mtoto aliingia, akachagua mwenyewe. Nakumbuka msichana mmoja wa darasa la tatu aliyesoma kurasa mbili, akakunja uso, akakirudisha kitabu na kuchukua kingine. Alinitazama akisubiri nimkaripie. Sikusema kitu. Akakisoma cha pili mpaka mwisho, kisha akamfuata mwenzake kumsimulia. Katika maisha yangu yote ya shule sikuwahi kuona mwanafunzi akiruhusiwa kukikataa kitabu, na pale nilielewa kwamba anayeweza kukikataa kimoja ndiye anayeweza kukipenda kingine.

Kuanzia hapo tulianza kubuni mambo yetu ya siku ya kusoma. Kulikuwa na kengele ya kusoma: ikilia, kila mtu alisimama alipo na kufungua kitabu, mwalimu mkuu, mlinzi, hata mama anayepika uji. Kulikuwa na kapu la mafumbo lenye kamba, kijiko cha mti na mbegu ya boga, watoto wakibahatisha ni vya hadithi ipi. Wengine walikuja wamevaa kama Abunuwasi, kanzu ya baba ikiburuzika chini, au kama Fisi kwa gunia lililopakwa mkaa.

Lakini jambo lililogeuza kijiji ni vitabu vya mabibi. Wazazi wetu wengi walikuwa hawaji siku ya kusoma kwa sababu waliona haya. Wengine hawakujua kusoma, na wengine walikuwa wamesahau. Tukawaomba waje kusimulia. Bibi mmoja alikuja na leso yake mpya, akasimulia hadithi aliyoisikia utotoni kwa Kibondei, sasa akiitoa kwa Kiswahili huku akirudi Kibondei kila palipo na wimbo. Watoto wa darasa la sita waliandika. Wiki iliyofuata walichora picha, wakakunja karatasi, wakazishona kwa sindano ya gunia na kuweka jalada la boksi la sabuni. Kisha tukamwalika tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Mjukuu wake wa damu ndiye aliyemsomea. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho, halafu akanyoosha mkono. "Hapo kwa Fisi mmepunguza. Nilisema alilia siku tatu." Penseli ikatafutwa, siku tatu zikaongezwa, kikasomwa upya. Alipotosheka aliuliza jina lake limeandikwa wapi. Lilikuwa juu ya jalada, na alilipitisha kidole herufi kwa herufi. Mwaka uliofuata mabibi walikuwa wengi kuliko nafasi, na wazee wa kiume wakalalamika kwamba wamesahauliwa.

Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, darasa la kwanza lilifurika tena, nami nikakumbuka 1977. Safari hii tulikuwa na watoto wakubwa waliozoea vitabu. Kila mwanafunzi wa darasa la saba alipewa wadogo wawili wa kuwasomea kila Ijumaa, na wale wazito wa kusoma walifaidika zaidi, kwa sababu mbele ya mtoto wa miaka sita hakuna anayekucheka ukikwama.

Siku hizi sherehe zimependeza. Zipo fulana, spika, puto na picha za WhatsApp. Sina ugomvi na shangwe, watoto wanastahili shangwe. Linaloniumiza ni kuona vitabu vimepangwa mezani kwa ajili ya picha, na saa saba mchana vinarudishwa kwenye boksi. Nimeirudia hoja hii kwenye kamati ya shule mpaka wamechoka kunisikia: mtoto aondoke na kitabu mkononi, alale nacho, akirudishe Jumatatu hata kikiwa na doa la mchuzi.

Mwaka huu wamekubali. Fedha zote za zawadi zitanunua vitabu vya kuazimwa, na orodha imeandikwa na wanafunzi wenyewe. Darasa la saba wameomba hadithi za majini. Darasa la pili wanataka kitabu chochote chenye Sungura, mradi safari hii Fisi ashinde.