Barua kutoka Mishomoroni: Matufaha Motoni

Shangazi mpendwa,

Ninyi mko kwenye baridi ya Makete. Mimi nimo Mishomoroni, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, ambako mwezi huu wa Julai upepo wa kusi unavuma na wenyeji wanajitanda leso asubuhi wakisema kuna baridi. Nanyamaza. Mtu aliyekua akiona sakitu juu ya majani ya viazi hana la kuchangia hapo.

Ungependa nikuandikie habari za bahari, najua, lakini bahari itasubiri. Nakuandikia kwa sababu ya matufaha yako. Kila msimu yale makubwa yasiyo na doa yanachukuliwa na wachuuzi, na yaliyobaki, yenye michubuko na yaliyodonolewa na ndege, yanaishia kwa nguruwe. Huku mti huo hauna maisha, maana mtufaha unataka majira ya baridi ndipo uchipue na kuzaa vizuri, na baridi ya namna hiyo Mombasa haijapata kuiona. Hata hivyo nimefikia nyumba moja ambamo matufaha yenye michubuko ndiyo yanayotafutwa.

Kufika hapa si kazi. Ukitoka kisiwani unapanda matatu, unavuka daraja la Nyali lililofunguliwa 1980 (kabla yake, tangu 1931, watu walivuka juu ya daraja la kuelea), unapita Kongowea, unaingia barabara ya Kisauni, na kadiri unavyosonga ndivyo tuktuk zinavyozidi kujaa njiani. Nyumba zimebanana, misikiti na makanisa yanasikilizana, viazi karai vinakaangwa kila kona, na mikokoteni ya maji inapita tangu alfajiri. Maji ni habari nzito mtaani. Visima vingi vina chumvi, kwa hiyo nyumba inakuwa na maji ya kufulia na kuoshea, na kando yake mtungi wa maji matamu ulionunuliwa, ambao mgeni haruhusiwi kuugusa bila kuuliza. Kinywaji ninachotaka kukueleza hupikwa kwa maji ya mtungi huo peke yake.

Soko ni Kongowea, na ungelipenda. Kila kinachokuzwa na mkulima wa Kenya kinafika pale, na vya kwetu Tanzania pia: nimekuta machungwa ya Muheza yaliyopita mpaka wa Horohoro na kuvuka feri ya Likoni, nikayasalimu kama jamaa. Matufaha ni ya Afrika Kusini, kila moja na stika yake, mekundu na yale ya kijani makali yaitwayo Granny Smith, yaliyoanzia Australia katika bustani ya bibi mmoja karne ya 19. (Usiyachanganye na matofaa ya pwani yenye umbo la kengele na nyama laini kama sponji. Hayo ni mazuri kwa kuliwa papo hapo, lakini yakiiva motoni hayaachi kitu.) Wauzaji huyapanga mazima mbele, yakang'aa. Yaliyoumia safarini hukaa nyuma kwa mafungu, nusu ya bei, na hayo ndiyo Mama mwenyeji wangu huyaendea bila kuyatazama ya mbele.

Mama huyu hutengeneza vinywaji vya shughuli: ukwaju, mabungo, ndimu na tangawizi. Hiki cha matufaha aliletewa habari zake na mwanawe, baharia, aliyekinywa katika bandari za Marekani mwezi wa Oktoba, kikiuzwa cha moto kwenye vikombe vya karatasi, na mdalasini na karafuu ndani. Mwana alirudi na jina lake, saida, na hilo jina ndilo lililozua ugomvi sebuleni. Ami wa nyumba hii alifanya kazi hotelini miaka mingi. Yeye saida aliyoijua ni ile ya chupa, inayokaa rafu moja na bia, na lebo yake inaonyesha kilevi asilimia 4.5 au hata zaidi. Akasema hilo ni tembo, na tembo halipikwi katika nyumba hii.

Mama hakupandisha sauti. Alimwambia: "Hata la mnazi likishuka juu ni tamu. Ukali ni wa kulala."

Shangazi, nilicheka peke yangu, kwa sababu maneno hayo hayo ungeweza kuyasema wewe juu ya ulanzi. Unaujua ulivyo ukitoka kwenye mwanzi asubuhi, mtamu, mtoto anakunywa na kulamba midomo. Ukilala siku moja tu, mzee mzima anashikilia ukuta. Huku mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na tembo linaanza kuchemka lenyewe mle mle kibuyuni, kwa sababu hamira imo tayari, ya jana na ya juzi. Kina mama wa zamani walilitumia kuumulia mikate. Likiachwa muda mrefu zaidi linakuwa siki. Basi tufaha nalo ni hivyo hivyo. Hamira iko juu ya ganda lake tangu shambani. Ukilikamua na kuliacha kwenye joto la Mombasa, siku ya pili linatoa povu, na baada ya siku kadhaa Ami atakuwa amesema kweli. Ukilipeleka motoni siku ile ile, hamira inakufa na utamu unabaki utamu. Mfaransa Louis Pasteur aliyaeleza hayo kitaalamu katika miaka ya 1850 na 1860. Nchini Marekani, tangu watu walipougua kwa kunywa juisi mbichi ya matufaha mwaka 1996, watengenezaji wengi huipasha hadi nyuzi 71 kwa sekunde 6, wakaua vijidudu bila kuharibu ladha. Mama hana kipimajoto wala hajali sekunde. Yeye huchemsha saa 2, na hapo hakuna hamira inayobaki kusimulia.

Ami alikubali aonje baada ya kuona inavyopikwa. Nami nilikaa jikoni naye, kila mmoja na sababu yake.

Matufaha 10 ya kadiri, Shangazi, ukichanganya mekundu na ya kijani, maana mekundu peke yake yanatoa maji matamu yaliyopooza. Yako ya Makete yana ukali wake, nadhani hutahitaji kuchanganya. Osha vizuri, kata vipande vinne vinne, ganda liache. Sehemu iliyooza ikate yote utupe. Mchubuko wa kahawia tu hauna neno. Mbegu Mama huziondoa kwa ncha ya kisu. Nilidhani ni usafi, kumbe ana hoja: mbegu za tufaha zikipondwa hutoa sumu kidogo, na zinatia uchungu hata zikiwa chache. Ndiyo maana vilevile hapitishi matunda yenyewe kwenye blenda. Vipande vinaingia kwenye sufuria ya stili. Ile ya alumini hupikia wali, lakini kitu chenye ukali wa tunda hakikalishi humo, maana kinakula madini ya chombo.

Maji lita 3, au mpaka vipande vianze kuelea. Sukari nusu kikombe, na akiwa na sukari guru huitumia hiyo kwa sababu ya rangi. Vijiti 3 vya mdalasini, iliki 5 zilizopasuliwa tu, tangawizi ya urefu wa kidole gumba iliyopondwa kwa kinu. Karafuu 6. Hapo alinishika mkono nilipotaka kuongeza. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi, ndiyo maana wazee huiweka kwenye jino linalouma, na ikizidi katika kinywaji ulimi hauonji kingine chochote. Za kwake hununua Marikiti, kule kisiwani, na huuliza kama ni za Pemba. Muuzaji gani atasema hapana! Lakini hizi zilikuwa nene, za rangi ya kahawia iliyoiva, na ukiibana kwa ukucha inatoa mafuta.

Nikiwa nakoroga nilifikiri jambo moja. Mzungu anayekunywa saida yake ya moto karibu na Krismasi huiona ni mila ya kwao, na tunda kweli ni la kwao kwa muda mrefu, ingawa asili yake ni milima ya Kazakhstan. Lakini harufu inayomfanya aseme Krismasi imefika ni ya kwetu. Katika karne ya 19 karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba, kwenye mashamba yaliyopandwa wakati wa Sayyid Said na kuchumwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa bara, huko kwetu na kwa majirani zetu. Kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba biashara, na mpaka leo Pemba ndiyo yenye karafuu. Sioni sababu ya sisi kukiona kinywaji hiki cha kigeni.

Tuendelee. Sufuria ikichemka, Mama hupunguza moto kwa kufukia makaa jivu, akafunika. Saa 1 haigusi. Harufu ikatoka mpaka uani, mtoto wa jirani akaja kuuliza kama leo kuna sikukuu. Baada ya saa hiyo matufaha yamelegea, ganda limejitenga na nyama imekuwa kama uji mzito pembeni. Anayaponda ndani ya sufuria kwa mwiko, si sana, kisha anatia chungwa 1 lililokatwa duara. Chungwa likiingia mwanzo, weupe wa ganda lake unatia uchungu. Saa nyingine ya moto mdogo. Halafu akaleta kifumbu, kile cha kukamulia tui, lakini hiki hakijapata kuona nazi, ni cha matufaha tu, kwani mafuta ya nazi yangeelea juu ya kikombe. Akamimina kidogo kidogo, akaacha yachuruzike. Alikibana mara moja tu, kwa upole. Ukikamua kwa nguvu unapata kingi, ila kinakuwa na ukungu na chembe zinazokwaruza koo. Zilipatikana kama lita 2, rangi ya asali iliyokolea. Makapi hayakutupwa: alitoa vijiti na karafuu, akaongeza sukari, akayarudisha motoni yawe jamu ya kupaka mkate.

Ami alipewa kikombe cha kwanza, kile kidogo cha kahawa. Alinusa kwanza, kwa dharau ya mtu aliyehudumia wageni maisha yake yote. Akanywa. Akauliza kama kuna mahamri.

Yalikuwapo. Na sasa hukumu yangu, maana wewe hupendi barua isiyotoa msimamo. Kikiwa cha moto ni kinywaji cha Makete, si cha Mishomoroni. Hapa wana kahawa tungu yenye tangawizi, inatosha kwa jioni za kusi, na wengi waliopewa cha moto walisifu kwa adabu kisha wakaomba barafu. Mama analijua hilo. Kwenye shughuli hukiuza baridi, amekikamulia ndimu, na hivyo kinashindana na ukwaju bila aibu. Wewe unywe cha moto.

Mambo machache ya huko kwako. Makete iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye karibu nyuzi 93, wala si 100 kama hapa. Hamira itakufa bila shida, ila matufaha yatachelewa kulegea, kwa hiyo saa 2 za Mama zifanye 2 na nusu, na maji uongeze kikombe. Kuni zikiwaka sana, toa kinga moja. Kikichemka kwa fujo harufu yote ya mdalasini inapaa na moshi. Cha kuweka, mimina kikiwa cha moto bado katika chupa zilizochemshwa, jaza mpaka shingoni, funga hapo hapo. Ukishafungua chupa, imalize. Kwa mwenye friji, siku 4 au 5 hakina neno. Hapa nje ya friji kesho yake jioni tayari kinabadilika. Baridi ya kwenu itakupa muda zaidi, lakini usidanganyike, baridi huichelewesha hamira tu. Kizibo kikilia unapofungua, au ukiona vipovu vidogo vikipanda pembeni ya chupa, usiwapelekee kina mama wa kwaya.

Na kama utauza pale stendi, tafadhali usiandike saida. Andika sharubati ya matufaha, na siku uliyoipika. Aliyewahi kuona ile ya dukani atakuuliza maswali ya Ami, na wewe huna mahamri ya kumnyamazishia.

Mdalasini wa huko kwetu nauona wa unga tu, nao hukaa chini ya kikombe kama tope. Marikiti kuna vijiti vizuri, vyembamba, vinavyovunjika kwa mlio. Nitumie ujumbe kwa simu ya kaka useme unataka kiasi gani, na karafuu kiasi gani, kabla ya mwisho wa mwezi. Basi la Tanga nimeshalikatia tiketi.

Mtoto wa kaka yako